Nilivyomhoji Marehemu wa Ipelele

Leo nimeadhirika mbele ya kijiji kizima, jamani, na mtendaji wake ameiandika aibu hiyo kwenye muhtasari wa kikao.

Nianze mwanzo. Mimi nasoma diploma ya kilimo Njombe mjini, mwaka wa mwisho. Ili uhitimu lazima uende fildi, uhoji wakulima kumi, uandike ripoti. Ukifeli fildi, unarudia mwaka mzima. Nilipangiwa Ipelele, huku Makete juu, kwa wakulima wa viazi. Ilikuwa mwezi wa tatu: mvua, tope, baridi ya kukata masikio. Nikaona isiwe tabu. Nikaenda Makambako kwa dada yangu, penye mtandao na chipsi mayai. Mwalimu wetu wa fildi, Madam Mbilinyi, akipiga simu, nakohoa kwanza, ndipo namwambia baridi ya Ipelele si mchezo.

Mtandaoni nikaikuta ripoti ya mwanachuo wa zamani aliyefika Ipelele kweli (wapo watu wa hivyo). Wakulima kumi, majina kamili, na walichosema. Nikaichukua yote.

Madam husema wanafunzi tunanakili kwa sababu ya uvivu. Ananionea. Mvivu hafanyi kitu. Mimi nilikaa siku nne nikibadilisha maneno. Palipoandikwa "wakulima wengi", nikaweka "sehemu kubwa ya wakulima". Tarehe nikaweka za mwaka huu. Kompyuta ya chuo inayokamata walionakili ikaisoma ripoti yangu, ikasema ni jasho langu mwenyewe. Hata mimi nilianza kuamini.

Juzi Madam akatangaza: mwaka huu ripoti zitasomwa kijijini, mbele ya wakulima waliohojiwa, maana waliotoa muda wao wana haki ya kusikia tulichoandika. Nikajipa moyo kwamba wakulima wanahojiwa na kila mradi, nani atakumbuka sura?

Basi leo saa nne tuko ofisi ya kijiji, Ipelele. Wazee mbele, kina mama na mablanketi yao mabegani. Nikasimama, nikawaamkia, nikaanza kusoma kwa sauti ya msomi.

"Tarehe kumi na mbili mwezi wa tatu mwaka huu, Mzee Tweve alinipokea kwa ukarimu nyumbani kwake, akanionyesha ghala lake la mbegu."

Wazee wakatazamana. Nikadhani nimewagusa. Nikaongeza: "Alisema mwakani anakusudia kuongeza ekari moja."

Mama mmoja wa makamo akainua mkono. "Samahani mwanangu. Tweve yupi?"

"Mzee Tweve wa kitongoji cha juu, mama."

"Huyo ni mume wangu," akasema taratibu. "Tulimzika mwaka juzi."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mdomo ukatangulia akili, nikasema, "Poleni sana. Labda alikuwa mdogo wake."

"Hakuwa na mdogo."

Mngedhani yameishia hapo. Wapi. Wakasimama vijana wawili, wanawe, ambao kumbe wanagombea shamba la baba yao la bondeni. Mkubwa akaniuliza bila hata kutabasamu, "Kaka, kwa kuwa wewe umeongea naye karibuni, la bondeni alisema anamwachia nani?"

Mdogo wake akadakia, "Aseme ukweli. Na ekari anaongeza upande gani?"

Kikao kikaangua kicheko. Mzee mmoja alicheka mpaka akavua kofia afute macho. Mjane mwenyewe alijifunika uso kwa blanketi, mabega yanatikisika. Wenzangu wa chuo ndio walicheka kuliko wote (na wawili kati yao nawajua, ripoti zao na yangu tulizinakili meza moja chuoni).

Madam hakucheka. Alinitazama, akaniuliza jambo moja tu: "Ulifika hapa, hukufika?"

"Sikufika, Madam." Nilisikia aibu ya kweli hapo, maana yule mama alishaacha kucheka, ananitazama tu.

Madam akachukua ripoti, akachana ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Fildi yangu imefutwa. Nabaki Ipelele wiki sita, nahoji upya, la sivyo narudia mwaka. Mjane akasema nifikie kwake, chumba kipo, na maswali yangu atayajibu yeye.

Msinicheke, wenzangu. Ila wewe unayenakili muda huu, piga simu kijijini kwanza, uulize nani bado yuko hai.