Dionis Wangu, Baba Yangu na Ubingwa wa Dunia

Jumatatu, 2 Septemba

Nimeolewa! Ni tangu mwezi uliopita, najua, lakini kila asubuhi naamka, namwona Dionis wangu amelala hapo pembeni, mdomo wazi kidogo, nashangaa upya. Mwanaume mwingine akilala mdomo wazi anachukiza. Dionis anapendeza.

Ni afisa nyuki hapa Kibondo. Ananukia moshi na nta. Sitaki manukato mengine maishani. Nyumba yetu ni chumba na sebule, dirisha la buluu, pazia la kutenga chumba na sebule nimelishona mwenyewe. Pepo!

Na pepo yangu iko hatarini kwa sababu ya sataranji.

Mambo yako hivi. Kambi ya wakimbizi ya Mtendeli ilipofungwa, wageni waliokuwa wakifanya kazi kule walimwachia Nurudini, mtunza ghala wao, ubao wa sataranji na kete zake, pamoja na saa yake yenye nyuso mbili. Farasi mmoja mweusi alipotea, mahali pake tunaweka kokwa la parachichi. Nurudini akaanzisha mashindano. Mwaka wa kwanza walicheza Watanzania, Mrundi mmoja, Mkongo mmoja, na daktari mmoja wa Kizungu aliyefungwa kabla chai yake haijapoa. Nchi nne! Nurudini akatangaza kwamba haya sasa ni Mashindano ya Dunia. Hakuna aliyebisha.

Bingwa wa Dunia tangu siku hiyo ni Baba yangu, Mzee Pasikali, mnunuzi wa maharage wa Kasulu. Mpinzani wake mwaka huu ni mume wangu.

Sasa hatari yenyewe. Siku ya harusi Baba alisimama mbele ya watu, kipaza sauti mkononi, akasema akishinda yeye, Dionis ataomba uhamisho na sisi tutahamia Kasulu, nyumba ya uani kwake. Akishinda Dionis, tubaki Kibondo na yeye hatatuuliza tena. Dionis akakubali, anacheka! Kila mtu akapiga vigelegele. Mimi pia nilipiga, sikuwa nimesikia vizuri.

Uani kwa Baba! Mbuzi, magunia, shangazi. Na Bibi, mama yake Mama, anayeishi pale tangu Babu afariki. Kwa mila yetu mwanaume hali mbele ya mama mkwe wake, hamtazami usoni, na mama mkwe akiingia, yeye husimama. Basi miaka yote hii Baba anakula ghalani peke yake, sahani juu ya gunia. Bibi naye hakai chumba kimoja. Na masikio yake ni mazima kabisa.

Dionis lazima ashinde. Hajui kwamba nimeamua kumsaidia.

Mchezo wa leo, wa kwanza kati ya mitatu: sare.

Jumatano, 4 Septemba

Sare tena. Ila ya leo nina mkono ndani yake.

Nilifikiri hivi: Baba akishiba sana husinzia. Ni udhaifu wa ukoo. Kwa hiyo nikapika ugali wa muhogo, samaki wa migebuka kwa nazi, maharage, ndizi, na juu yake maziwa ya mgando. Nikapeleka kwa Nurudini, ambako Baba amefikia na ambako ndiko wanakocheza. Nilimpakulia Baba mlima. Dionis nikamwekea kidogo, nikamkonyeza.

Sikukumbuka kwamba Baba ni mtu mwenye upendo. Aliitazama sahani ya Dionis, akaguna, akauliza kama binti yake anamtesa mkwe wake kwa njaa. Akaigawa ile sahani yake nusu kwa nusu. Dionis, kwa heshima, akamaliza chote. Na alichoongezwa pia akamaliza.

Wakakaa mezani. Baba akasogeza askari. Dionis akasogeza askari. Baba akafikiri akiwa amefumba macho. Dionis naye akafumba. Nurudini, ambaye ni mwamuzi mwenye kanuni, alisubiri muda mrefu akidhani ni mawazo mazito. Kisha Baba akaanza kukoroma, na Dionis akamjibu. Nurudini akaandika: sare kwa maelewano.

Jirani yangu Stumai alicheka mpaka akakaa chini. Anamshangilia Baba, kwa sababu mumewe alitolewa na Dionis nusu fainali. Aliniambia niandae mizigo, na kwamba pazia langu atalichukua yeye. Pazia langu!

Dionis alipoamka alisema hajawahi kula migebuka mitamu kama ile. Siwezi kumkasirikia. Nani angeweza?

Ijumaa, 6 Septemba

Mchezo wa mwisho wa kawaida. Nusura nife.

Mpango: mimi simjui farasi wala ngome, lakini uso wa Baba naujua tangu utoto. Akiogopa, anavuta sikio. Kwa hiyo nilikubaliana na nafsi yangu (Dionis angekataa, ni mwaminifu mno) kwamba nitakaa dirishani, na kila Baba akivuta sikio, nitajigusa pua, na Dionis ataelewa kwamba aongeze mashambulizi hapo hapo.

Baba akavuta sikio. Nikagusa pua. Dionis akaniona.

Akatabasamu. Lile tabasamu! Akanitazama, nikamtazama, nikagusa pua tena, akagusa pua yake naye, kama mtu anayejibu salamu ya mapenzi. Huku akinitazama mimi mkono wake ukamsogeza malkia wake na kumwacha katikati ya ubao, peke yake, mbele ya ngome ya Baba, kama mwali aliyepotea njia.

Ukumbi mzima ukavuta pumzi. Stumai akasema kwa sauti kubwa, "Mtu kapofuka kwa mke!"

Baba akamtazama yule malkia. Akavuta sikio. Akatafakari. Baadaye alieleza kwamba hakuna mtu mwenye akili timamu anayemwacha malkia bure, kwa hiyo ule lazima ulikuwa mtego, na mtego mkubwa. Akakataa kumla. Akarudisha jeshi lake lote nyuma kulinda mfalme. Huku na huku ikawa sare.

Kwa hiyo wamelingana kabisa. Sheria ya Nurudini inasema michezo ya haraka ya kuvunja sare huchezwa nyumbani kwa bingwa. Yaani Kasulu. Dionis alinishika mkono njiani akasema akipoteza malkia mia moja kwa ajili yangu si hasara. Nililia kidogo. Halafu nikaanza kupanga.

Jumamosi, 7 Septemba

Kasulu. Tulikuja kwa pikipiki ya Dionis, mimi nyuma nimemkumbatia, shavu mgongoni kwake, vumbi puani. Nilitamani barabara isiishe. Iliisha.

Michezo ya leo ni ya haraka. Ile saa inampimia kila mchezaji dakika zake, zako zikiisha umeliwa, hata kama kete zako zote ziko salama. Mezani kwenye ghala la Baba, watu juu ya magunia.

Na Baba! Baba yangu mzazi! Anajua Dionis ni mkwe mwenye adabu, nilimfundisha mwenyewe: mkwe hakai baba mkwe akiwa amesimama. Basi kila zamu ya Dionis ilipofika, Baba alisimama. Mara anyooshe mgongo. Mara aangalie gunia. Dionis naye juu! Baba akikaa, Dionis anakaa, anapeleka mkono kwenye kete, Baba kasimama tena kufukuza kuku ambaye hakuwepo. Saa ya Dionis ikaisha akiwa nusu amesimama nusu amekaa. Watu wa Kasulu walishangilia. Nilimwambia Baba kwamba amemwonea mtu. Akaniambia kwa upole kwamba heshima ni kitu kizuri sana, mwanangu, na kwamba chumba cha uani kimeshapakwa chokaa.

Mchezo wa pili Dionis wangu hakukaa kabisa. Alisimama tangu mwanzo hadi mwisho kama mtu wa paredi, mrefu, mzuri, amekunja mikono ya shati. Baba akasimama, akakaa, akasimama, haikusaidia kitu. Dionis akashinda!

Ushindi mmoja mmoja. Kesho baada ya ibada, mchezo mmoja wa mwisho, wa dakika chache tu. Atakayeshinda ni Bingwa wa Dunia.

Nami nimepata wazo. Kama Dionis husimama kwa ajili ya baba mkwe, Baba naye husimama kwa ajili ya nani?

Nimekwenda chumbani kwa Bibi na pakiti ya sukari.

Jumapili, 8 Septemba

Nitaandika yote, kwa furaha. Na kwa jambo jingine.

Bibi Havyarimana alikubali upesi kuliko nilivyotegemea. Kazi yake: aingie ghalani katikati ya mchezo, asimame karibu na kiti cha Baba, na asikae hata akibembelezwa.

Mchezo ukaenda kasi, kete zinagongwa kama mvua ya mawe. Dionis alikuwa pabaya, hata mimi niliona, kete zake zimebaki chache na kokwa la parachichi. Baba hakuwa anavuta sikio hata kidogo. Ikafika zamu ya Baba. Mlango ukafunguka.

Bibi, na kitenge chake cha Pasaka.

Baba akaruka kama kachomwa mwiba! Akarudi nyuma mpaka ukutani, macho chini. Bibi akaenda akasimama kati yake na meza. Watu wakamletea kigoda, akasema magoti yake yanapenda kusimama. Saa ya Baba inakatika, kichi-kichi-kichi. Nilikuwa naruka ndani ya moyo wangu.

Ila nilisahau kitu kimoja. Kwa mkwe Bibi ni wa kuogopwa, lakini kwa mume wa mjukuu ni mtani. Bibi alimwona Dionis, akasahau sukari yote. Akapaza sauti, "Mume wangu! Upo hapa nawe husemi?" Akamwendea, na njia ya Baba ikafunguka. Baba akapita kwa upande kama kaa, akasogeza kete, akapiga saa.

Sasa inakatika ya Dionis, na Bibi kamshika mkono wa kulia! Anauliza mbona amekonda, mke mdogo hampi chakula? Anatoa karanga kwenye pindo la kitenge, anamlisha. Mtani hakataliwi. Dionis anatafuna, anacheza kwa mkono wa kushoto, anamsifia Bibi kwamba yeye ndiye mke mkubwa. Watu walikuwa wanalia kwa kucheka. Mimi nilikuwa nalia tu.

Zamu ya Baba tena. Kidogo tu kimebaki kwenye saa zote mbili. Baba kanyanyua ngome yake, na nilivyoona uso wa Dionis nikajua ile ngome ikitua, tumehamia Kasulu.

Bibi akageuka. Akasema, kwa heshima yote, "Amahoro, mkwe wangu."

Salamu ya mama mkwe haijibiwi kwa neno moja. Baba akaiacha ngome. Macho sakafuni, akaitika kwamba ndiyo, ni amani: "Ego, mama, amahoro." Watoto je? Wazima, mama. Mbuzi? Wazima. Yule aliyevimba mguu? Amepona, mama. Maharage yaliyotoka Heru yameshaanikwa? Yameanikwa, mama...

Saa ya Baba ikagota. Nurudini akanyanyua mkono. Dionis wangu ni Bingwa wa Dunia!

Nilimrukia mbele ya watu wote na sijali. Tunabaki Kibondo! Dirisha la buluu! Nilitegemea Baba awe na uchungu, nikaenda kumwomba radhi. Alikuwa anatabasamu. Tabasamu pana ambalo sijaliona tangu utoto.

Nikaelewa nilipogeuka. Bibi alikuwa ametoka chumbani na mkeka umefungwa, kikapu kimefungwa, na kuku wake wawili miguu imefungwa. Akawaambia watu kwamba mume wake ameshinda dunia nzima, na mke mkubwa hawezi kubaki kwa mkwe kama mgeni, anakwenda kwake. Kibondo. Dionis, kwa utani wake mtakatifu, alikuwa ameshasema, "Karibu nyumbani, mke wangu," na neno kama hilo halirudishwi.

Baba alikodi gari yeye mwenyewe. Alipakia mkeka yeye mwenyewe. Tulipoondoka nilimwona sebuleni kwake, kwenye kiti chake, anakula mchana peupe, mlango wazi.

Jumanne, 10 Septemba

Nyumbani. Bibi analala sebuleni, upande wa pili wa pazia langu. Tukicheka, anakohoa. Tukinyamaza, anauliza kwa nini tumenyamaza. Dionis anamfundisha sataranji. Bibi anataka afundishwe kutwa.

Stumai amekuja kunipongeza. Amekaa sana, akafurahi sana.

Nilimpigia Baba simu kuomba wacheze tena: atakayeshindwa amchukue Bibi. Baba alisema amestaafu sataranji, kiafya, na kwamba anakula.

Sihofu. Mimi ni mke wa Bingwa wa Dunia. Usiku wa jana nilitazama dari nikapata wazo ambalo ni bora kuliko yote. Nimemtumia ujumbe mama yake Dionis kule Sikonge kumkaribisha aje akae kwetu. Hapa ni chumba na sebule tu! Bibi akiona mama mwenye mwana kaja, ataona aibu, atafunga mkeka wake na kurudi Kasulu mwenyewe, bila ugomvi.

Mama mkwe amejibu papo hapo. Anakuja Alhamisi, yeye na dada zake wawili.

Kila kitu kinakwenda sawasawa.