Wimbi Lisiloshuka

Wizara ya Umeme na Matumaini ilitangaza kwa fahari kwamba umeme wa taifa hautashuka tena. Kukatika utakatika, hilo halikuguswa. Ila ukikatika, kila nyumba itawasha inveta ya Wizara, ile mashine inayochota umeme wa betri na kuugeuza uwe kama wa nguzoni.

Mkurugenzi wa Mradi alikuwa akiota kiti cha Katibu Mkuu. Kiti kilikuwa wazi na suti alikwisha kushona. Kilichobaki ni Injinia kumwonyesha Waziri mchoro wa umeme wenyewe: wimbi linapanda taratibu, linashuka chini ya mstari, linapanda tena.

Waziri akavua miwani. "Hapa chini ni wapi?"

"Nusu ya pili ya wimbi, Mheshimiwa," Injinia akajibu. "Umeme wa nyumbani ndivyo ulivyo. Unaenda, unarudi."

"Serikali hii hairudi nyuma."

Mkurugenzi akadakia. "Tutaikata, Mheshimiwa. Ni marekebisho madogo ya kisera."

Ikaundwa Kamati ya Kupandisha Wimbi, ikapata semina hotelini na fulana, ikatoa mwongozo kwamba wimbi lisishuke. Injinia alibisha mpaka koo likamkauka, kwamba feni haizunguki kwa nusu wimbi. Akaambiwa ana mtazamo hasi. Basi akakata nusu ya chini ndani ya inveta kama alivyoagizwa, na siku ya uzinduzi akaja na ndoo ya mchanga.

Uzinduzi ulifanyika sebuleni kwa mama mzazi wa Waziri, mgonjwa wa kifua asiyeweza kukaa bila feni. Kamera zikawashwa, umeme wa nguzoni ukazimwa. Mashine ikanguruma. Feni nayo ikanguruma, lakini haikuzunguka. Kisha ikafuka moshi, na Injinia akaimwagia mchanga kwa adabu zote.

Mkurugenzi alikiona kile kiti kikienda zake. "Mheshimiwa," akasema, "feni imetii mwongozo kikamilifu."

"Nitakufa na mwongozo wenu," mama akasema, akihema. "Mwanangu, hebu nipepee."

Waziri akachukua jalada la mwongozo, akapiga magoti mbele ya kochi, akainua mkono juu kabisa. Akazikumbuka kamera. Akaushikilia hapo hapo, akitabasamu.

"Sasa ukiuning'iniza huko juu, upepo utatoka wapi? Ushushe, baba."

Mkono ukashuka. Ukapanda. Ukashuka. Mkurugenzi akaliona wimbi zima kwa mara ya kwanza, mbele ya kamera zote, na kwa kuwa mama alikuwa ameanza kupumua, hakuna aliyethubutu kulikata.