Ombi la Kuandikwa Kwamba Sikuwepo

Kwa Mwenyekiti wa Bodi,
Chama cha Kuazimisha Viti vya Magurudumu,
Ghorofa ya tatu, mlango wa kushoto (baada ya kupumzika kidogo).

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: KUREKEBISHA MUHTASARI WA KIKAO CHA MWEZI WA PILI

Kwa heshima zote, na baada ya kukuulizia hali ya goti lako, naleta malalamiko yangu nikiwa mjumbe wa bodi wa mwaka wa nane sasa. Ombi lenyewe ni dogo. Naomba muhtasari wa kile kikao kilichoamua ofisi yetu ihamie ghorofani uonyeshe kwamba siku hiyo sikuwepo. Sababu zangu ni hizi:

1. Mkurugenzi mpya alituita kwenye semina ya siku nzima kutufundisha majukumu ya mjumbe wa bodi. Hapo ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza kwamba mjumbe anatakiwa kusoma makabrasha kabla ya kikao, kuuliza maswali, kumsimamia mkurugenzi na kulinda lengo la chama. Miaka minane, Ndugu Mwenyekiti! Uliponialika uliniambia kazi yenyewe ni kuja na suti. Suti nikanunua, ya kahawia. Tangu hapo nimesaini mahudhurio, nimekohoa katibu aliposoma jambo zito, na nimeunga mkono kila hoja iliyopita mbele yangu. Watu wakaniona mwenye busara kwa sababu siongei. Ni kweli kimya kina mshindo mkubwa, lakini changu hakikuwa na kitu ndani. Kuniambia leo kwamba kulikuwa na kazi ni kuniuzia mbuzi kwenye gunia.

2. Makabrasha yenyewe yana kurasa arobaini na moja. Niliyapeleka nyumbani nikayaweka juu ya kabati, mahali pa heshima. Mke wangu akayashusha akayasoma yote, na sasa ananihoji mezani kila tukikaa kula. Juzi alitaka kujua inakuwaje chama cha watu wasioweza kutembea kiwe na ngazi hamsini na nne. Nikamwambia hizo ni siri za bodi. Akasema ngazi si siri, zinaonekana kutoka barabarani.

3. Katibu wetu anaandika kupita kiasi. Kwenye muhtasari huo ameweka kwamba mweka hazina alitoa hoja ya kuhamia juu kwa sababu kuna upepo, mwanga na ukumbi mzuri wa vikao vyetu, na kwamba mimi ndiye niliyeunga mkono. Angeishia hapo ningemsamehe. Ameandika pia maneno yangu, kwamba kutoka juu tutaona mbali. Hakuna aliyeuliza wateja watapandaje. Mimi nilikuwa natikisa kichwa kama mjusi huku nikiwaza kama dirisha litafunguka.

4. Mkurugenzi akaamuru kila mjumbe atembelee ofisi siku ya kazi. Nikaenda. Fundi wa viti anashuka na futi ya kupimia, anampima mteja hapo chini, anapanda, analegeza na kukaza, anashuka na kiti begani. Kisipomkaa mteja, anarudi nacho juu. Asubuhi ile alikuwa ameshapanda mara nne, akaniambia kwa magoti hayo yeye mwenyewe ataleta maombi ya kiti karibuni.

Na kwenye ngazi ya chini kabisa, juu ya gunia lililokunjwa, alikaa shangazi yangu. Ndiye aliyenilea mama yangu alipofariki. Mwaka jana alivunjika nyonga. Alikuwa amekuja hapo wiki ya tatu mfululizo, na hakuniambia, maana hakutaka watu waseme anapendelewa. Nilimkuta akinitetea mbele ya wenzake wanaosubiri. Aliwaambia mwanawe yumo kwenye bodi, ni mtu msomi, na siku walipopitisha mambo ya ngazi bila shaka alikuwa anaumwa. Waliponiona wakanipa pole ya ugonjwa. Nikaipokea, Ndugu Mwenyekiti. Nikaongeza na kikohozi.

Sasa ona hatari iliyopo. Muhtasari ukibaki ulivyo, anayeumbuka si mimi. Ni mama mtu mzima ambaye hajawahi kusema uongo. Kwenye semina tumefundishwa kwamba bodi ina wajibu wa kuwalinda wateja wake. Basi imlinde huyu, kwa kunifuta mimi.

5. Na kwa kuwa bodi haipendi mambo nusunusu, naomba nifutwe kwenye vikao vyote vya miaka minane. Ushahidi upo: hakuna swali langu hata moja lililoandikwa popote. Chai niliyokunywa ihesabiwe kuwa ya mgeni.

Nawasalimu wajumbe wote, mweka hazina na upepo wake, katibu na kalamu yake, na hasa fundi. Watu wa nyumbani kwako uwaambie nawakumbuka.

Wako katika utumishi wa kukaa,

Mjumbe (suti ya kahawia)

Nyongeza: Barua hii nimeileta mwenyewe leo asubuhi. Shangazi alikuwepo hapo chini. Alipoiona bahasha alifurahi sana, akataka nimsomee nilichoandika kuhusu ngazi, kwa sauti, kila mtu asikie. Nilijaribu kutunga cha kusoma, nikashindwa. Nikamsomea yote. Namba mbili waliicheka. Namba nne hakuna aliyecheka. Shangazi alinionyesha ngazi kwa mkongojo wake, akaniambia nipande niilete hivyo hivyo ilivyo. Aibu niliyoona sijui niiweke wapi.

Kwa hiyo usifute kitu. Naomba badala yake kikao cha dharura, Alhamisi saa nne asubuhi, hapa chini kwenye ngazi, chenye ajenda moja: kurudisha ofisi chini. Wanaosubiri viti watakuwepo na ndio watakaouliza maswali. Swali la kwanza analo shangazi, anataka kujua ni akina nani walikuwepo siku ile. Nimemwahidi kwamba mkono wa kwanza kunyooshwa utakuwa wangu.