Breki ya Mkono, Kulia Hafifu

Nimeaibika leo, jamani. Tena mchana kweupe, mbele ya wakwe.

Mnalijua lile gari langu la mkono wa pili. (Wa nne, tuseme ukweli.) Lilipokaguliwa nilipewa cheti. Shule niliishia darasa la tatu, lakini neno IMEFAULU nalisoma hata bila miwani. Chini yake wakaandika: breki ya mkono, kushoto inashika, kulia hafifu, ishughulikiwe. Nikapiga hesabu zangu. Gari lina magurudumu manne. Moja likiwa hafifu, yamebaki matatu. Matatu si mengi hayo? Hata kigoda cha miguu mitatu kinakalika! Nikakitia cheti plastiki, nikawa natembea nacho mfukoni.

Basi leo tumepanda milimani, Amani, kumposea mjukuu wangu Athumani. Posa ilikuwa inaning'inia. Kuna kijana wa Muheza naye kapeleka watu, na Mzee Sefu, baba wa binti, alishasema anataka wakwe makini. Leo ndiyo siku ya jibu. Athumani wiki nzima hali chakula. (Mimi nilipoposa nilikula vizuri tu, ila hayo si ya leo.)

Nilikwenda na dada yangu mkubwa, Bi Mwanahawa, kakaa nyuma na sinia la halua mapajani. Sasa mimi mtu wa Usagara, ile ya mjini pwani. Kwetu ukiweka mpira chini unatulia. Nyumba ya Mzee Sefu iko mteremkoni: ua, chini yake iliki, chini yake migomba, chini yake sijui. Nikasimamisha gari uani, nikavuta breki ya mkono mpaka ikalia. Gia nikaiacha huru, kama nifanyavyo nyumbani.

"Dada, tumefika. Shuka."

"Sishuki."

"Kulikoni tena?"

"Bakari wee, umesahau? Mimi ndiye mwanamke mkubwa wa upande wa mume. Nashuka nikipokewa kwa marashi. Nenda kawaambie."

Kweli, kwetu ndivyo. Nikaenda, nikawaambia akina mama wa nyumba.

Mzee Sefu akanikaribisha barazani. "Gari zuri, mkwe. Limekaguliwa?"

Kimbelembele changu! Nikachomoa cheti. Akavaa miwani, akasoma polepole mpaka jasho likanitoka.

"Hapa pana neno. Kulia hafifu."

"Gurudumu moja tu hilo, mzee mwenzangu. Matatu mazima."

Akaniangalia juu ya miwani. "Breki ya mkono ya gari hili inashika magurudumu mawili ya nyuma tu. Kulia hafifu, umebakiwa na moja."

"Moja?"

"Moja. Na hapa ni mlimani."

Nikageuka. Dada alikuwa anajisogeza kitini ajitazame kwenye kioo, aweke mtandio sawa. Gari likatikisika. Kisha likaanza kurudi nyuma, taratibu, kama mgeni anayeaga kwa adabu.

"Dada, shuka!"

"Wamekuja na marashi?"

"Shuka, dada!"

"Nimesema sishuki!"

Nikakimbia. Kiatu kimoja kikabaki barazani. Nikalishika gari kwa mbele, nikalivuta kama ng'ombe mkaidi. (Msiniulize nilidhani nini.) Likaniburura hadi kwenye iliki, likaniacha humo kifudifudi. Nikasikia migomba inavunjika. Pwaa! Halafu kimya.

Kimya kile, jamani! Nikajua nimemwua dada na kuivunja ndoa ya Athumani kwa mkupuo mmoja.

Akina mama wakatoka mbio, mmoja na mrashi mkononi, maana ndiyo kwanza alikuwa anaujaza. Kioo cha nyuma kikateremka. Kichwa cha dada kikachomoza, mzima, halua imemganda kwenye mtandio. Akautazama ule mrashi.

"Haya," akasema. "Sasa nashuka."

Mzee Sefu alicheka mpaka akashikilia nguzo. "Posa tumeikubali! Mtu anaporomoka na adabu haivunji, huyo ndiye mkwe makini." Akafuta machozi. "Ila binti yangu hapandi gari hilo."

Dada sasa yuko ndani, anakunywa chai ya iliki kama malkia. Gari wamelivuta hadi uani. Nimo ndani yake namsubiri fundi: gia nimetia, mawe wameweka nyuma ya magurudumu yote manne, na mguu nimeukita kwenye breki vilevile. Kwa hiyo nawasihi msicheke. Mtanichekesha na mimi, mguu uteleze.