Kipimo cha Chai

Idara ya Barabara inayo fahari kuutangazia umma kwamba barabara ya zahanati, iliyokuwa mbovu kuliko zote, sasa ni nzuri. Mimi ni katibu wa Idara na nilishuhudia kila hatua. Barabara yenyewe hatukuigusa. Tulirekebisha gari.

Nifafanue kwa wasio wataalamu. Kwetu barabara hupimwa kwa kikombe cha chai, kinachowekwa kwenye dashibodi ya gari la Mkurugenzi, lile refu la kupandia milima. Chai isipomwagika, barabara imefaulu. Kwenye barabara ya zahanati chai ilikuwa haimalizi hata kona ya kwanza, na Waziri alikuwa njiani kuja kuikagua. Mkurugenzi alikosa usingizi, maana ikimwagika mbele ya Waziri, kazi hana.

Tukaunda Kamati ya Utulivu wa Chai. Baada ya vikao vizito na soda baridi, Kamati ilibaini kwamba tatizo haliko barabarani, liko uvunguni mwa gari. Fundi akalipiga jeki, akafunga springi laini na shokapu mpya, akabadilisha bushi zilizolika, akapunguza upepo wa matairi. Aliuliza kwa nini tusimwage tu kifusi kwenye mashimo. Nilimweleza kwa upole kwamba hilo ni suala la kisera.

Siku ya ukaguzi, Waziri alikaa mbele. Gari likapita mashimoni likinesanesa, chai ikacheza kidogo, ikatulia. Waziri aliinywa mlangoni mwa zahanati na kutangaza kuwa barabara imefaulu. Nilitokwa na machozi, wala sioni haya kusema.

Ndipo mkunga wa zahanati, mama ambaye wajawazito wake hupelekwa hospitali kwa mkokoteni, akaomba kuuliza. Alikuwa mpole mno. Nilipaswa kushtuka mapema.

"Mheshimiwa, tunashukuru. Sasa kama barabara ni nzuri hivi, Mkurugenzi wetu gari la milimani la nini? Si mtuachie sisi? Wagonjwa wetu hawatakiwi kutikiswa hata kwenye lami."

Waziri alisema mama ana hoja. Mkurugenzi alitaka kupinga, akakumbuka kwamba taarifa ya kuisifu barabara ameisaini mwenyewe, akatoa funguo. Gari likabaki zahanati.

Juma lililofuata Mkurugenzi alialikwa huko kupewa shukrani. Tulikwenda na kigari cha ofisi. Shimo la kwanza lilimgongesha kichwa kwenye paa. La pili likatumeza, tukashuka kusukuma, yeye na tai yake, tope hadi magotini.

Gari letu la zamani likaja kwa mbele, taratibu, likielekea hospitali. Mjamzito alikuwa amelala fofofo kiti cha nyuma. Mkunga akashusha kioo.

"Poleni, mzee. Mmekunywa chai?"

Akamnyooshea Mkurugenzi kikombe kilichokuwa kwenye dashibodi. Kilikuwa kimejaa hadi ukingoni.