Koti la Manjano Liandikwe Mshirika

Kwako Mama Dorotea, Mwenyekiti, na wanakamati wote wa Mavazi ya Baridi,

Poleni na kazi za kanisa. Mimi ni Prudence, binti wa pili wa Mama Elysée, umri wa miaka kumi na sita, yule anayekaa karibu na mlango na kitabu. Najua maelezo hayo hayawasaidii. Ndimi mliyenipa koti la manjano la Carmel, mwimbaji wetu, yeye alipohamia mji wa Markham.

Koti lina joto, nashukuru. Malalamiko yangu ni haya:

1. Tangu Novemba napokea furaha isiyo yangu. Wewe mwenyewe, Mama Mwenyekiti, ulinikumbatia kwa nyuma: "Carmel, mtoto yangu, umerudi!" Ulipouona uso ukasema, "Ah, kumbe ni weye tu," ukaniachia taratibu, kama mtu anayerudisha nyanya iliyopondeka sokoni.

2. Orodha ya kwaya inasema Carmel ataimba peke yake siku ya Pasaka. Nilimweleza Kaka Brice, kiongozi wa kwaya, kwamba Carmel alishahama. Akajibu, "Lakini koti naliona kila Ijumaa." Ijumaa, siku ya mazoezi ya kwaya, huwa namsubiri mama amalize kusafisha ukumbi wa kanisa. Kuimba mbele za watu siwezi. Hata mwalimu akiita majina, kuitika kwangu ni shida.

3. Juzi kituoni Weston, mama yangu mzazi aliniona kwa mgongo nikipanda treni, akapaza sauti, "Carmel! Umsalimie mama yako!" Nilipofika nyumbani nilimfikishia salamu zake.

Kwa kuwa sasa imethibitika kwamba muumini ni koti, naomba kwa unyenyekevu liandikwe kwenye daftari la washirika, lipewe kiti safu ya tatu, na siku ya Pasaka litundikwe mbele ya kipaza sauti, liimbe. Mimi nitabaki nyumbani nikisoma. Kanisa halitapungukiwa na mtu.

Nisalimieni wote, hata wale ambao tayari wamelisalimia koti.

Aliye ndani yake,
Prudence

Tanbihi: Jumapili iliyopita koti lilikuwa limefuliwa, nikaja na sweta langu. Hakuna aliyenisalimia. Nasikia Carmel amenunua koti jekundu. Akilichoka, tafadhali niandikeni wa kwanza. Hili la manjano limeanza kunibana kifuani, hasa ninapofanya mazoezi ya ule wimbo wa Pasaka.