Mstari kati ya Fundi na Fundi

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimepata wazo. Si wazo hivi hivi, ni wazo la kuandikwa magazetini! Jumamosi shangazi anaagwa kazini, baada ya kuuguza watu maisha yake yote, na ukumbi umeshakodiwa. Kila mgeni nitamvisha beji yenye kidude cha kurusha mawimbi. Kompyuta itajua nani amesimama na nani. Projekta itaonyesha ukutani, papo hapo: kila mtu nukta, na wawili wakiongea, mstari kati yao. Wakizidi kuongea, mstari unanenepa.

Shangazi kauliza faida yake nini. Nimemwambia ni sayansi. Akasema yeye akitaka kujua nani anaongea na nani, huwa anageuza shingo.

Sababu ya kweli naiandika humu tu. Mshona nguo, jirani yangu wa barazani, ameitwa kazini mji mwingine, kwenye kiwanda cha sare. Atatoa jibu baada ya sherehe. Nampenda. Nampenda vibaya sana! Lakini siwezi kumwomba abaki kabla sijajua kama moyo wake umeelekea kwangu au kwa binamu, muuza magodoro, ambaye kila siku hupita kwake kushonewa vifungo. Naamini huvikata mwenyewe.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Kutwa nzima beji. Majina marefu hayaingii, kwa hiyo nimeandika mtu anavyoitwa. Shangazi. Binamu nimemwandika Godoro, naye amenuna. Safi! Mimi: Fundi. Mshona nguo: Fundi. Ndivyo watu wote wanavyotuita. Mteja akiuliza barazani kama fundi yupo, tunaitika wote wawili kwa pamoja, yeye anacheka, mimi najifanya natafuta bisibisi. Juzi mzee mmoja kaniachia suruali nipunguze, halafu redio yake kampelekea yeye.

Leo kaniuliza kama siku ya sherehe nitapata nafasi ya kukaa naye, ana jambo. Nimemweleza kwamba siku hiyo nitakuwa na shughuli nzito, yeye atazame tu ukutani, mambo yote yatakuwa pale. Akaniangalia kidogo, akarudi kwenye cherehani yake.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Balaa! Godoro kaeneza habari kwamba beji zinasoma simu za watu. Wauguzi wenzake shangazi wameapa hawavai ng'o. Sikulala usingizi wa mchana. Kisha nikapata jibu: nimewaambia mashine itaonyesha nani anapendwa kuliko wenzake. Sasa wananiomba niwawekee beji mapema, na mmoja anataka mbili.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Jana sikuandika. Sikuwa na nguvu ya kushika kalamu.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Wageni kuona nukta zao ukutani, vigelegele! Wauguzi wawili wasiosemeshana walikuwa wamekaa wamepeana mgongo, mashine ikawachorea mstari mnene kama mkono. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Wakaona haya, wakageukiana, wakasalimiana. Shangazi akafuta machozi. Nami kichwa kikavimba.

Mimi nilikuwa pembeni na kompyuta yangu, macho kwenye kioo, kichwa sikiinui. Godoro alikuwa na mistari kila upande, maana mdomo wake haujui kupumzika. Lakini kwa Fundi, hakuna! Moyo ukaanza kucheza.

Ndipo mashine ikaniaibisha. Mstari ukatokea kati ya Fundi na Fundi. Imeniunganisha mimi na mimi! Watu wataona naongea peke yangu! Nikaufuta. Ukarudi, mnene zaidi. Nikaufuta tena, ukarudi, mnene kuliko yote ukutani. Hapo uzalendo ukanishinda, nikaupigia kelele uondoke hapo, umenichosha.

Na kweli ukaondoka. Nikashusha pumzi. Punde nikaona mwingine: Fundi na Godoro, unaelekea mlangoni. Hiyo haikuwa hitilafu. Nimeshindwa na muuza magodoro.

Nimekusanya beji usiku ule ule. Imepotea moja tu, ya mshona nguo. Kaondoka nayo shingoni.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Shangazi kaja asubuhi, hata chai kakataa. Kasema aliona kila kitu kutoka meza kuu. Mshona nguo alisimama ubavuni kwangu muda wote, sahani mbili mkononi, moja ikiwa yangu. Alikuwa ananisimulia habari za kiwanda. Mwisho akaniuliza aende au abaki. Nami, bila kugeuza shingo, nikamjibu kwa sauti aondoke, amenichosha.

Godoro kampa kitambaa cha kufutia machozi, akamsindikiza hadi nje huku akimweleza habari za magodoro ya springi.

Nimekaa chini sakafuni. Nimelia kama mtoto. Kumbe Fundi na Fundi ni yeye na mimi! Mnene kuliko yote!

Shangazi kasema mshona nguo anasafiri kesho alfajiri. Kaniambia nivae viatu, niende kwake, nifungue mdomo. Nimemwahidi.

Jumatatu hiyo hiyo, jioni

Viatu nimevaa. Lakini nitaendaje na mashine yenye kasoro ile? Akiniuliza ilikuwaje, nionyeshe nini? Nimebadilisha majina kwanza: yeye Fundi Nguo, mimi Fundi Kompyuta. Sasa haichanganyi mtu na mtu. Nimevaa beji yangu, mlango nimeufunga, nimeiwasha nijaribu.

Siamini macho yangu! Fundi Nguo na Fundi Kompyuta, mstari! Niko peke yangu chumbani, na yeye yuko kwake anafunga mizigo. Hitilafu ile ile! Na tena kuna mtu anapiga hodi, mwanamke, sauti imekauka kama ya mwenye mafua. Watu hawajui wakati wa kuja. Nimempigia kelele kwamba nina kazi ya maana, apite siku nyingine.

Hodi imekoma. Na mstari unakonda... unakonda... umekatika wenyewe, hata sijagusa kitu.

Mashine imepona! Kesho nikiamka tu, naenda kumwambia.